Wa Kasoli Alipogoma Kula

Katika nyumba yetu hakuna aliyeitwa kwa jina lake. Wenye mradi hawakuagiza hivyo. Walioanza ni wagonjwa wenyewe, kwa kuwa wengi hawakutaka jirani wa kitanda arudi kwao akasimulie kwamba amemkuta mwana wa fulani soba, nyumba ya watu wanaoacha ulevi na dawa za kulevya. Kila mtu akaitwa kwa mahali alikotoka. Alikuwapo wa Nassa, mvuvi aliyekuja kuacha gongo, na mdomo wake haukupumzika hata alipokuwa akipiga mswaki. Mimi sikuwa mgonjwa. Kazi yangu ilikuwa kupanga nani afagie, nani achote maji, nani aende jikoni, wakaniita Bwana Zamu. Sikulichukia jina hilo. Napenda kazi iwe na mwenyewe na saa yake.

Nyumba yenyewe zamani ilikuwa ghala la pamba, nje kidogo ya Bariadi mjini. Ina paa la juu na kuta nene, na hata leo ukipitisha kidole kwenye nyufa utatoka na nyuzi nyeupe. Ndani imegawanywa kwa mbao: vyumba vya kulala, chumba cha muuguzi, ukumbi wa kulia. Jiko liko nyuma, jengo la peke yake lenye mlango upande mmoja na dirisha kubwa upande wa pili, na chakula hupitishwa dirishani hapo.

Mpishi alikuwa mama wa makamo kutoka Migato, mnene, mwenye sauti inayofika barabarani. Sote tulimwita Mayu, yaani mama. Alilala pale pale nyumbani na Jumamosi alikwenda kwake kumwona mumewe na ng'ombe. Alikuwa na desturi ya kusimama dirishani wakati wa kula akitaja makosa ya kila mmoja: huyu hajanawa, yule anamega tonge kama anavunja tofali.

Muuguzi wetu alikuwa mwanamke wa Kisarawe, Mzaramo, na Wazaramo na Wasukuma ni watani tangu enzi za misafara. Aliutumia utani huo asubuhi, mchana na jioni. Mtu akimwambia, "Mwangaluka, dada," yeye hujibu, "Mhola. Umeoga, au leo mnasubiri mvua?"

Wa Kasoli aliletwa msimu wa pamba ukiwa unakwisha. Kaka yake alimleta kwa pikipiki akiwa amemfunga kwa kitenge kiunoni asianguke, maana alikuwa akisinzia na kushtuka, akisinzia na kushtuka. Alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, mpakiaji wa marobota, mwenye mabega ya kazi hiyo lakini shingo imekonda. Alikuwa akisafiri na malori hadi Dar es Salaam, na huko alijifunza kuvuta kitu alichokiita bangi ya pakiti.

Muuguzi alitueleza kitu hicho sisi tulio watumishi, ili tusije tukadhani tunashughulika na bangi ya shambani. Ni majani makavu ya aina yoyote, alisema, yaliyonyunyiziwa dawa iliyotengenezwa na watu kwenye maabara. Dawa hiyo hugonga kichwa mahali pale pale bangi inapogonga, ila kwa nyundo kubwa zaidi, na hakuna pakiti mbili zenye kipimo sawa. Kipimo chetu cha mkojo hakikuonyesha kitu, kwa sababu kimetengenezwa kutambua bangi ya kweli.

"Kipimo kinasema huyu ni shehe," akasema muuguzi. "Macho yake yanasema mengine."

Akiacha, alituambia, atatoka jasho, atakosa usingizi, moyo utamwenda mbio, ataogopa watu na atakataa chakula. Wengine hupata degedege kama la mtoto mwenye homa. Kwa hiyo tumwangalie, na zaidi ya yote anywe na ale.

Kabla ya kuondoka, kaka mtu alinivuta pembeni ya pikipiki.

"Baba mkwe wake amemchukua binti yake na watoto. Kasema, akikaa soba miezi mitatu bila kutoroka, aje amchukue mke wake. Akitoka kabla, twende na wazee tukazungumze habari za ng'ombe."

Kwetu, kuzungumza habari za ng'ombe za mahari maana yake ndoa imekwisha. Nilimhakikishia kwamba lango letu halifungwi kwa kufuli, mtu hukaa kwa hiari, lakini tungefanya tuwezalo.

Siku za kwanza zilikwenda kama muuguzi alivyotabiri. Jasho lilikuja, kutapika kukaja, usiku alikuwa akitembea ukumbini kama mlinzi. Kisha jasho likapungua, macho yakatulia, akaanza kuitika anapoitwa. Jambo moja halikubadilika: chakula. Alipokea sahani, akakaa mahali ambapo mgongo wake ulielekea dirisha la jiko, akamega matonge mawili au matatu madogo, akanawa. Ugali ulirudi umekaa kama ulivyotoka.

Kulikuwa na dalili nyingine. Sauti ya Mayu ikisikika uani, wa Kasoli aliinuka akaingia chooni, akakaa huko mpaka kimya kirudi. Mara moja alijificha nyuma ya tangi la maji. Muuguzi alisema ni woga unaoletwa na ile dawa, mtu huona watu wanamfuata. Nilikubaliana naye. Nilikuwa nimesoma kitabu alichoniazima, na woga huo ulikuwemo, umeelezwa vizuri kabisa.

Mayu naye alibadilika. Aliacha kusimama dirishani. Alisema moshi unamuumiza macho, akaomba mgonjwa mmoja awe anagawa chakula, yeye abaki ndani. Nikampanga wa Nassa, naye akaifanya kazi hiyo kama mnadani.

"Haya, ugali! Ugali wa bure! Wewe wa Kasoli, njoo uchukue sahani yako ukaitazame!"

Jumanne muuguzi alimweka wa Kasoli kwenye mizani, akamshusha, akamrudisha tena, kisha akamwambia wazi mbele yangu.

"Mtani, usipokula mpaka Ijumaa nakupa rufaa, uende Mwanza ukawekewe dripu. Sitaki unifie hapa, mazishi ya Wasukuma yana wali kidogo."

Hakucheka. "Mwanza siendi, dada. Mkinitoa hapa, narudi nyumbani."

Mimi na yeye tulijua maana ya kurudi nyumbani. Nyumbani hapakuwa na mtu.

Siku iliyofuata ilikuwa ya wageni. Mke wa wa Nassa alikuja na mfuko wa furu wa kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani ambao ukianza kuwala huwezi kuacha. Wa Nassa aliuweka mfuko kitandani akaenda kumsindikiza mkewe mpaka barabarani. Aliporudi, tulisikia kelele mpaka ofisini.

"Bwana Zamu! Njoo umwone mgonjwa! Njoo umwone huyu anayekufa kwa njaa!"

Nilimkuta wa Kasoli amekaa ukingoni mwa kitanda, mfuko mtupu mapajani, mafuta mpaka kwenye viwiko. Alikuwa ameinamisha uso kwa aibu.

"Amekula vichwa," akasema wa Nassa. "Amekula mikia. Miiba iko wapi? Hakuna miiba! Paka mwenyewe huacha miiba!"

Jambo hilo lilinisumbua. Mtu asiye na hamu ya kula hali mfuko mzima wa furu. Nilifikiri labda anataka samaki tu, nikamwomba Mayu apike dagaa jioni hiyo kwa karanga, kwa namna ambayo hata mtu aliyeshiba hurudia. Dagaa walirudi pia, wamepungua kidogo pembeni kama walioguswa na kuku. Nikawaza: basi ni uvivu wa moyo, na dawa ya uvivu wa moyo ni kazi. Muuguzi alikuwa na usemi wake kwamba mkono unaomenya viazi hauna nafasi ya kusokota msokoto. Nikampangia jikoni, Alhamisi asubuhi.

Alipoambiwa, alibadilika rangi.

"Bwana Zamu, nipe choo."

"Choo kina mtu."

"Nipe choo mwezi mzima. Nipe na mitaro."

Ningepaswa kujiuliza ni mtu gani anayeomba choo badala ya jiko. Sikujiuliza. Zamu ni zamu, nilimwambia, nikimwachia yeye kesho kila mtu atachagua yake. Nikamtangulia kuelekea nyuma. Yeye alinifuata polepole sana, akikohoa kila hatua, kikohozi kikubwa cha kulazimisha, mpaka nikaanza kuhofia mapafu yake. Nikasukuma mlango.

"Mayu, msaidizi wako huyu hapa!"

Tulisikia sufuria ikianguka, kisha kishindo kingine kizito zaidi. Ndani hapakuwa na mtu. Mwiko ulikuwa bado unazunguka sakafuni, na khanga moja ilikuwa imenasa kwenye komeo la dirisha. Nilipochungulia, nilimwona Mayu nje, amesimama katikati ya kuku akiwa na kandambili moja mguuni, anahema. Nilipogeuka, wa Kasoli alikuwa ameupa ukuta uso wake, viganja vyote viwili machoni.

Wa Nassa alikuwa akifua nguo uani.

"Mayu! Mlango umeufanya nini hata unapita dirishani? Moto?"

"Nyamaza wewe, mla samaki!"

"Samaki wenyewe wameliwa, Mayu. Uliza huyo."

Nilimtoa wa Kasoli jikoni, nikamwita muuguzi, tukamfuata Mayu nyuma ya banda la kuku alikokuwa amekaa juu ya gogo akijipepea kwa upande wa khanga uliobaki. Hakutuacha tuulize.

"Yule ni mkwe wangu," alisema. "Amemwoa binti yangu wa tatu."

"Eh. Sasa?" akauliza muuguzi.

"Sasa nini? Nimekwambia ni mkwe."

"Mkwe si mwanao tu?"

"Huko kwenu pwani, labda. Huku mkwe haonwi. Tukikutana njiani, mmoja anaingia porini."

Nilibaki nimesimama pale nikijishangaa. Hili nililijua kabla sijajua kuhesabu. Nimemwona baba yangu mwenyewe akilala kwenye mtaro wa viazi ili bibi yetu mzaa mama apite. Lakini nilikuwa nimeyasoma mambo ya wa Kasoli kwenye kitabu, kila dalili na jina lake, na kitabu hakikuwa na ukurasa wa wakwe. Kaka mtu hakujua. Binti mwenyewe alijua tu kwamba mama yake anapikia watu wa mradi mjini. Na hawa wawili walikuwa wametambuana siku ile ile ya kwanza, mkwe kwa sauti, Mayu kwa macho, kila mmoja akanyamaza ili asimwaibishe mwenzake.

"Ningesema nini?" Mayu akaendelea. "Kwamba mvutaji yule aliyefungwa kitenge kama mzigo ni wa kwangu? Nikasema, yeye akinyamaza, nami nitanyamaza."

"Na chakula?" akauliza muuguzi. "Kwa nini hali?"

Mayu alimtazama kama anayeulizwa kwa nini maji hulowanisha.

"Atakulaje akamaliza, chakula cha mkono wa mama mkwe, mbele za watu? Ili waseme kwao kuna njaa? Yule ananiheshimu. Kila siku naona ugali unarudi, nasema moyoni, ahsante Mungu, mkwe wangu bado ana adabu. Moshi haujamaliza vyote."

Muuguzi alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mimi naandika rufaa, wewe unashangilia!"

"Ningefanyaje? Nilifurahi."

Sasa tulijua kila kitu na hakuna kilichokuwa kimepona. Mayu alisema ataacha kazi, ili mkwe wake apikiwe na mtu mwingine. Nilipomweleza wa Kasoli, alisema haiwezekani mama mkwe apoteze kazi kwa ajili yake. Yeye ndiye atakayeondoka, tena leo. Nilikwenda na kurudi kati yao nikibeba maneno hayo kama maji ya kisima, na kila niliporudi nilimkuta aliyebaki ameshikilia zaidi. Kufikia mchana wa Kasoli alikuwa amekunja shuka lake. Mayu alikuwa amefunga mwiko wake binafsi kwenye kitambaa.

Chakula cha mchana kilikuwa kimeiva hata hivyo: ugali na nsansa, majani makavu ya kunde yaliyoungwa kwa karanga. Wagonjwa walikuwa wamekaa. Wa Kasoli alikuwa amekaa pia, kwa adabu ya mwisho. Muuguzi aliingia uani, akatembea moja kwa moja mpaka dirishani, akaingiza mikono yote miwili, akaitoa sufuria ya mboga yenyewe, nzito, inayotoa mvuke.

"Wasukuma nyie!" alipaza sauti. "Mlipobeba pembe mkaja kwetu, mlikula mihogo yetu, mkaondoka bila kuaga. Leo nalipiza. Sufuria hii nimeipora. Ni yangu. Mwenye malalamiko ayapeleke kwa bibi yangu Kisarawe, yuko kaburini, anasikia vizuri!"

Kisha kutoka ndani ya jiko ikaja sauti ya Mayu, ile inayofika barabarani.

"Mwizi! Mwizi wa Kizaramo! Kaniachia jiko tupu!"

Hakuna aliyewahi kumsikia akiwa na furaha kiasi kile. Muuguzi akarudi kwa ugali, akaupora nao. Akaja mpaka mbele ya wa Kasoli, akampakulia kwa mkono wake.

"Mtani, chakula hiki ni cha nani?"

Wa Kasoli alilivuta bakuli karibu. "Cha kwako, dada."

"Nimepika mimi?"

"Umeiba."

"Basi kula cha wizi, ukinyamaza nawe ni mwizi."

Akacheka. Lilikuwa cheko la kwanza tulilolisikia kwake, dogo, la kukwaruza, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. Akala. Akala mpaka akafuta bakuli kwa tonge la mwisho, akainyoosha mikono kuomba tena, na wa Nassa akasimama juu ya benchi kutangaza kwamba furu wake sasa wamepata wenzao.

Siwezi kusema kwa hakika kama mila inaruhusu. Mtani huchukua kitu cha mtani wake na hadaiwi, hilo linajulikana. Kama kitu hicho kikishaporwa kinaacha kuwa cha mama mkwe, hilo ni swali gumu. Baadaye niliwauliza wazee wawili waliokuwa wakiuza kamba sokoni. Mmoja alisema ni sawa kabisa. Mwingine alisema muuguzi anadaiwa mbuzi.

Tangu siku hiyo muuguzi aliiba chakula kila mlo. Siku zake za mapumziko aliiba asubuhi, akaacha sehemu ya wa Kasoli imefunikwa chumbani kwake, kwa kuwa hapakuwa na Mzaramo mwingine Bariadi ambaye tungeweza kumwamini. Mimi nilitengeneza uzio. Wakulima jirani walikuwa wameng'oa miti ya pamba na kuirundika waichome, kama inavyotakiwa kila mwaka ili wadudu wasibaki. Niliwaomba mikokoteni michache, nikaisimamisha miti hiyo kutoka jikoni mpaka kisimani, juu kupita kichwa cha mtu. Mayu alipita upande mmoja na wa Kasoli upande wa pili. Kwenye kona moja ambapo njia zilikutana, tulikubaliana kwamba yeye akohoe na Mayu aimbe. Watu wapya walioletwa baada ya hapo walidhani nyumba ina kifua kikuu na kwaya.

Wa Kasoli alinenepa mashavuni. Alianza kulala. Alirudia kazi ya mabega yake: alibeba maji ya nyumba nzima, akapasua kuni, akaziacha upande wake wa uzio ambapo mkono wa mtu mnene unaweza kupenya kuzichukua. Kuni zilipasuliwa nyembamba, zote urefu mmoja. Mayu hakusema kitu juu yake, ila alianza kulalamika kwangu kuwa kuni za zamani, nilizokuwa nikimpa mimi, zilikuwa takataka.

Hatari ilikuja mwezi wa pili, mchana mweupe, kwa honi. Lori la marobota lilisimama barabarani mbele ya lango letu, likapiga honi mara tatu, na mpakiaji aliyefanya kazi zamani na wa Kasoli akachungulia kutoka juu ya mzigo.

"Oya! Tunashuka Dar! Nafasi yako ipo, panda!"

Nilikuwa langoni. Nilimwona wa Kasoli akiinua kichwa kutoka kwenye kuni. Akaingia ndani, akatoka na begi. Hakukimbia. Alitembea kama mtu anayevutwa, uso umelowa jasho ambalo sikuwa nimeliona kwa wiki nyingi. Mimi nilisimama kando. Huo ndio utaratibu wetu. Tunaweza kusema, hatuwezi kushika. Na nilichokuwa nacho cha kusema nilikwisha kukisema mara nyingi, kwa mpangilio mzuri, na nilijua hakitoshi.

Ndipo nyuma ya uzio sauti ya Mayu ikaanza. Hakumwita yeye. Alikuwa akisema na kuku.

"Wewe tetea! Unakwenda wapi wewe? Umeatamia wiki zote hizi, leo unasikia honi ya lori unaacha mayai yapoe?"

Wa Kasoli alisimama. Mgongo wake ulikuwa kwenye uzio.

"Na huko Migato niwaambie nini? Mdogo ameanza kutembea. Anatembea kwa kushika ukuta. Akimwona mwanaume yeyote, anaita baba. Juzi kamwita baba muuza maji. Unasikia, kuku? Muuza maji kafurahi, kampa pipi!"

Honi ikalia tena. Wa Kasoli alikuwa akitazama chini. Kulikuwa na kuku mmoja kweli, miguuni pake, akidonoa vipande vya magome. Akamwambia kuku huyo, kwa sauti ya juu kuliko iliyohitajika kwa kuku.

"Kuku, muuza maji wa Migato namjua. Ana kitambi na ana deni la kila mtu."

"Kuku, mwambie, mtoto hajui habari za kitambi!"

"Basi kuku, mwambie... mwambie mtoto asimwite yule baba. Anisubiri."

Akaweka begi chini. Alilikalia kabisa, kana kwamba litaondoka bila yeye. Mimi nilikwenda barabarani kumwambia dereva aendelee na safari. Niliporudi, nyuma ya uzio Mayu alikuwa akipenga kamasi kwa kelele na kumtukana kuku kwa kumwingizia vumbi machoni.

Baba mkwe alikuja siku ya mwisho katika gari la kukodi, pamoja na binti yake na yule mtoto mdogo, ambaye sasa alitembea bila ukuta. Alikuwa mzee mfupi mkavu, mwenye kofia ya pama, na alionekana kuwa mtu aliyewahi kuuziwa ng'ombe mgonjwa na hataki kurudia. Muuguzi alimweleza maendeleo yote: uzito, usingizi, mapigo ya moyo. Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Dada, ahsante. Lakini wewe ni kazi yako kusifu."

Kisha akazunguka nyuma. Mayu alikuwa upande wake wa uzio, mkwe wake akiwa ukumbini, mbali. Nilikuwa pale kwa sababu nilikuwa nikiweka miti mipya badala ya iliyoanguka kwa upepo.

"Mama," mzee akamwambia mkewe, "wewe umekaa naye nyumba moja. Amepona?"

"Sijamwona."

"Miezi mitatu hujamwona?"

"Nitamwonaje mkwe wangu? Ulinioa bila adabu?"

Mzee alikuna kidevu. Hilo lilikuwa jibu zuri na halikumsaidia kitu.

"Lakini sikiliza," akasema Mayu. "Uzio ulipowekwa, alipita kona ile bila kukohoa. Siku za mwanzo mara mbili nilijitupa kwenye majani. Tangu alipotulia hajasahau hata siku moja. Asubuhi, jioni, ana mzigo, hana mzigo, anakohoa kwanza. Mtu ambaye kichwa chake kiko kwenye moshi hakumbuki kukohoa."

Mzee alilitafakari jambo hilo akiitazama kona. Kisha akavua kofia, akaipiga kwenye goti kutoa vumbi, akaivaa tena, akaenda mbele ya nyumba. Nilimsikia akimwambia binti yake, "Nenda kachukue begi la mumeo, mnachelewa." Yeye mwenyewe alikaa kiti cha mbele, mlango wazi, akaanza kumhimiza dereva ambaye hakuwa na haraka yoyote.

Walipanda. Wa Nassa, ambaye muda wake ulikuwa bado, alimpa wa Kasoli mkono kupitia dirishani, akamwambia asithubutu kuja Nassa msimu wa furu. Muuguzi alimwambia mtoto kwamba baba yake ni mwizi mzoefu wa ugali. Gari likaondoka.

Mayu alikuwa bado nyuma ya uzio, hajatikisika. Nilimwambia, "Wamekata kona." Ndipo alipotoka, akifuta mikono kwenye khanga, akasimama kando yangu kuangalia vumbi.

"Haya, Bwana Zamu," akasema. "Wewe umemwona. Yukoje?"

Nilifikiri kwanza, nikataka niseme kwa usahihi.

"Mrefu kuliko nilivyodhani alipokuja. Amejaa hapa na hapa. Macho meupe. Nywele amekata jana, amekatwa vibaya upande mmoja. Shati lake halifungi tena kifungo cha juu."

"Halifungi?"

"Shingo imejaa, Mayu."

Alicheka kwa sauti ile inayofika barabarani, akapiga makofi mara moja, akaniambia nikamwite mtu wa zamu ya viazi, maji yameshachemka.